Mafundi wa stima Nairobi, acheni kutuuzia ethi ya uongo!

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jumatano asubuhi, baada ya mvua kunyesha usiku kucha, mamangu alitoka kwenda kulisha vifaranga. Stoo yetu iko nyuma ya nyumba hapa Ruai: mabati juu, mabati pembeni, nguzo za chuma, mlango wa mabati. Alikuwa miguu mitupu. Alipogusa tu komeo, stima ikamrusha akaanguka chali kwenye matope. Ana miaka 67. Namshukuru Mungu kwamba ilimrusha, maana ingemkamata mkono ukabana lile komeo, leo tungekuwa na matanga hapa.

Stoo iliwekwa stima mwezi wa Januari. Fundi aliniletea hesabu kwa karatasi, na mstari mmoja umeandikwa wazi: ethi (waya na rodi za kupeleka ardhini stima iliyovuja), 4,500. Nikalipa. Taa ya vifaranga ikawaka, soketi ikafanya kazi, tukafurahi. Hapo ndipo wanapotunasa! Stima isiyo na ethi inawaka vizuri tu, kwa hivyo mwenye nyumba hajui kama ameibiwa.

Sasa sikieni nilichokuta baada ya kuzima mein swichi. Waya ulipitishwa kwenye tundu lililotobolewa kwa msumari, bila hata kipande cha mpira wa kuukinga. Upepo ukivuma bati linatikisika, na ile kingo ikawa inakula plastiki kidogo kidogo hadi shaba ya laivu, ule waya unaoleta stima, ikagusa ukuta. Stoo nzima ikawa laivu. Nikafungua soketi: waya wa kijani na njano, ndio wa ethi, umekunjwa nyuma na kufungwa tepu nyeusi. Haujaunganishwa popote. Nje, ethi yangu ya 4,500 ni kipande cha nondo kilichobaki kwenye ujenzi, kimezungushiwa waya kwa mkono, klampu hakuna. Nilikivuta kwa mkono mmoja kikatoka. Nilikipima kwa rula ya mtoto, sentimita 38. Huu udongo wetu mweusi ukishikwa na kiangazi hupasuka hadi mkono unaingia kwenye ufa, halafu mtu anakuchomekea kijiti kama hicho?

Najua kuna atakayeuliza mbona breka haikukata. Hata mimi niliuliza. Fundi wa pili (huyu nilimwambia anionyeshe leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi, kabla hajafungua begi, na hilo kosa la Januari ni langu, sikumuuliza yule wa kwanza) alipima rodi ya nyumba yenyewe, ile iliyo chini ya mita, akapata ohm 120 (ohm zikiwa nyingi, stima inaingia ardhini kwa shida). Hata kama stoo ingeunganishwa kwa hiyo rodi, gawanya volti 240 kwa 120, unapata amp 2. Breka ya stoo ni ya amp 20. Amp 2 kwake ni kama blenda imewashwa, itaziacha zipite mwaka mzima. Na mapigo ya moyo wa mtu yanaweza kuvurugwa na miliamp 30 hivi, stima ambayo haitoshi hata balbu ya wati 10. Breka inalinda waya usiungue. Mamangu haimjui.

Ndiyo maana inatakiwa RCD ya miliamp 30, ambayo inakata stima ikianza kupotelea ardhini. Fundi aliiweka kwenye boksi la nyumba, mwanzo wa laini ya stoo. Akapigilia rodi mbili za shaba za mita 1.2, zikiwa zimeachana zaidi ya mita mbili, akapima tena: ohm 41. Halafu akaunga nguzo na mabati kwenye ethi kwa waya wa milimita 6, na kabla ya kukaza kila bolti akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu rangi haipitishi stima. Mlango nao akauwekea waya wake laini, maana bawaba zenye kutu si za kutegemea. Aliniambia pia nisikubali mtu aunge mabati kwenye ethi mbovu bila RCD: kukitokea hitilafu yoyote, hata ndani ya nyumba, ukuta wa stoo ndio utakaobeba hiyo stima. Kazi yote ilichukua siku moja. Siku moja tu!

Nilipompata yule wa kwanza kwa simu alinijibu, "Boss, kwa stoo ethi si lazima, hiyo ni taa tu." Kama si lazima, kwa nini uliiandika kwenye hesabu ukachukua pesa?

Tangu jana hashiki simu. Kama wewe ndiye unasoma hapa, na najua umo, karatasi yako ninayo na nondo yako ninayo. Rudisha 4,500, na uende kwa kila nyumba ya mabati uliyoweka stima huku Ruai ukafungue zile soketi kabla mvua haijaongezeka.