Mdogo wangu kakatwa mguu ila vidole bado vinamuuma, hivi ubongo unajuaje kiungo ni chako?

dada_wa_boda
Habari zenu wakuu, naomba mawazo yenu maana hapa nyumbani tumechanganyikiwa. Mdogo wangu anaendesha boda, alipata ajali mwezi wa pili, mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Kidonda kimefunga vizuri, nyuzi zimetolewa, anakula, anaongea vizuri tu. Shida ni usiku. Ikifika saa nane hivi ananiita, dada vidole vimejikunja, naomba uninyooshee. Vidole vya mguu ambao tuliuzika wenyewe, baba mdogo ndo alichimba shimo nyuma ya nyumba chini ya mwembe. Mwanzoni nikasema ni zile dawa, lakini dawa ziliisha zamani. Juzi nimemkuta ameinama anakuna shuka pale pasipo na kitu, alafu akanitazama machozi yanamtoka.

Shangazi anasema mguu ulizikwa vidole vimejikunja ndo maana, ufukuliwe vinyooshwe. Majirani wanasema aliumia kichwa. Kule alikotibiwa nilipouliza nikajibiwa atazoea. Shangazi sitaki kubishana nae, anampenda huyu kijana kuliko hata sisi, ila mimi nataka kuelewa, mtu anasikiaje kitu ambacho hakipo? Na kama ni ubongo, unajuaje kwamba mguu huu ni wangu na stuli hii siyo yangu?

mtu_wa_mazoezi
Pole sana dada, na mpe pole mdogo wako. Nafanya kazi ya mazoezi tiba, kwahiyo hili naliona mara kwa mara. La kwanza kabisa mwambie leo leo: hajachanganyikiwa, na maumivu yake ni ya kweli. Wengi waliokatwa kiungo wanaendelea kukisikia, na wengi hawasemi kwa kuogopa kuitwa vichaa. Daktari Silas Weir Mitchell aliyetibu askari kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani alishaandika haya mwaka 1871, ndo yeye aliyekiita kiungo cha namna hii fantomu, yaani mzuka.

Sasa kwanini. Kwenye ubongo kuna ukanda una ramani ya mwili mzima, mguu una sehemu yake, mkono sehemu yake, midomo sehemu yake kubwa tu. Daktari wa upasuaji anakata mguu, ile ramani hajaigusa. Na mishipa ya fahamu iliyokatwa pale kwenye kigutu inaendelea kutuma taarifa, ubongo unazipokea kama ulivyozoea, unasema hizi zinatoka kwenye vidole. Tena ubongo unatuma amri, kunjua vidole, unasubiri jibu kutoka kwenye macho na misuli, jibu haliji. Inaonekana hapo ndo inapozaliwa ile hali ya kusikia vimekaza.

Kuna kitu mnaweza kujaribu nyumbani, kioo. Ramachandran, mtafiti wa ubongo, alianza nacho miaka ya 1990 kwa waliokatwa mikono. Tafuta kioo kirefu kile cha kwenye kabati, akae kitandani, kioo kisimame katikati ya miguu, uso wa kioo uelekee mguu mzima, kigutu kiwe nyuma asikione. Atazame ndani ya kioo, ataona miguu miwili. Aukunje na kuukunjua ule mzima taratibu, huku akijaribu kufanya hivyo hivyo na ule mwingine. Mwaka 2007 madaktari wa jeshi huko Marekani walitoa matokeo ya askari waliofanya hivi dakika 15 kila siku kwa wiki 4, maumivu yalipungua, wakati waliowekewa kioo kilichofunikwa hawakupata nafuu ile. Siyo kila mtu kinamsaidia, na kama maumivu yanamnyima usingizi mrudishe hospitali, zipo dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu, hizi za kawaida za dukani mara nyingi haziyafikii.

fundi_mbao77
Mimi mkono wa kushoto uliondoka na mashine ya kuranda, mwaka wa tisa huu. Dada usimwambie atazoea, hilo neno linaumiza. Mimi nikinyoa ndevu upande wa kushoto, wembe ukipita shavuni nasikia kwenye kidole gumba ambacho sina. Kabisa, na ubaridi wa maji nausikia hapo hapo. Nilikaa nalo miaka miwili sijamwambia hata mke wangu.

mtu_wa_mazoezi
Fundi asante kwa kusema. Kwenye ile ramani uso na mkono ni majirani, mpaka wao ni mmoja. Sehemu ya mkono ikikosa kazi, taarifa za shavu zinaweza kuvuka mpaka. Ramachandran alikuta watu wa hivyo, akiwagusa shavu kwa kipamba wanataja kidole.

ticha_bios
Naomba nijibu lile swali la mwisho la dada, la mguu na stuli, maana ndo swali lenyewe na huwa nawaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Nachukua glovu ya mpira ya kuoshea vyombo najaza pamba, naiweka mezani mbele ya mwanafunzi, mkono wake halisi naulaza pembeni nauficha nyuma ya boksi. Alafu na brashi mbili za rangi nasugua kidole cha glovu na kidole chake kwa wakati mmoja, mwendo mmoja, yeye anatazama glovu tu. Kwa wengi baada ya dakika chache anakwambia mwalimu nasikia brashi iko kwenye glovu. Mwaka jana binti mmoja nilinyanyua nyundo kama naipiga ile glovu, akauvuta mkono wake wa kweli kwa nguvu mpaka boksi likaanguka, na alijua fika ni glovu maana pamba aliijaza yeye mwenyewe!

Jaribio lenyewe ni la watafiti wawili, Botvinick na Cohen, 1998. Sasa nikisugua kwa kupishana, huku mara hii kule mara nyingine, ile hisia inakufa. Nikiigeuza glovu ielekee kinyume nayo inakufa. Yaani ubongo hauna muhuri uliogongwa wakati wa kuzaliwa kwamba huu ni wangu, kila saa unalinganisha, ninachoona, ninachoguswa, na taarifa za viungio na misuli kwamba mkono umelala wapi. Vikikubaliana unasema wangu. Stuli ukiigusa wewe unahisi mkononi, yenyewe haikuletei hisia, kwahiyo haipiti.

binti_mzee
Kwetu ilikuwa kinyume chake. Baba alipata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, mkono wa kushoto ukapooza. Siku ya tano akaniuliza huyu nani kalala na mimi kitandani, mwambie atoe mkono wake. Nikamwambia baba ni wako, nikamwonyesha pete yake ya ndoa, akasema pete ni yangu, huyo mtu kaivaa. Mzee anahesabu hela vizuri, anakumbuka wajukuu wote, ila mkono wake kaukana. Baada ya wiki kadhaa akaukubali mwenyewe. Mdogo wako ana hisia bila mguu, baba alikuwa na mkono bila umiliki. Mpeni uvumilivu tu, tulipokuwa tunambishia baba alikuwa analia.

dada_wa_boda
Nimesoma yote nikamsomea na yeye, ya fundi akaomba nirudie mara mbili. Jana jioni tumetoa kioo cha kabati la mama. Dakika za mwanzo hakuna kitu, akasema dada tuache. Alafu akanyamaza anatazama, anakunja anakunjua, akasema taratibu, kidole kikubwa kimeachia. Vingine bado. Usiku aliniita saa kumi badala ya saa nane. Shangazi alikuwepo, ndo alikuwa amekishikilia kioo, kasema leo tena anakuja kukishika.