PhD ya uhandisi Ujerumani: uzamili wa nyumbani uwe wa aina gani?

fundi_mikazo:
Wakuu, habari za jioni. Nina shahada ya kwanza ya uhandisi mitambo ya hapa Tanzania, GPA 3.8 kwa kipimo cha 5. Lengo ni uzamivu Ujerumani, upande wa uchovu wa metali (metali kudhoofika kwa mizigo ya kurudiarudia) kwenye maungio ya kuchomelea. Naelewa kwamba kule kwa kawaida wanataka uwe na uzamili kwanza. Je, niufanye kwa kozi na tasnifu, au utafiti mtupu? Nafasi yenyewe inaombwaje, maana kwenye tovuti za vyuo vyao sioni tarehe ya mwisho? Na maombi ya watu wetu hukwama wapi?

Mekanika_TZ:
Mkuu, chukua kozi na tasnifu. Kitivo cha kule kikipokea vyeti vyako hulinganisha na uzamili wao, ambao ukijumlishwa na shahada ya kwanza hufikia krediti 300 za Ulaya. Ukija na utafiti mtupu wanauliza hisabati na mekanika ya ngazi ya juu uliisoma wapi, na wanaweza kukupokea kwa sharti la kufanya mitihani ya ziada. Uzamili wa kozi tupu ni mbaya zaidi, kwa sababu hauna kazi ya utafiti ya kulinganishwa na tasnifu yao. Hakikisha transkripti inaonyesha kichwa cha tasnifu, alama yake na krediti zake. Kama haionyeshi, omba barua ya idara ingali mapema, kabla waliokufundisha hawajahama.

Tarehe huioni kwa sababu kwa sehemu kubwa haipo. Uzamivu wa uhandisi kule, ule unaoishia na cheo cha Dr.-Ing. (daktari wa uhandisi), mara nyingi ni ajira. Taasisi iliyo chini ya profesa hutangaza nafasi ya wissenschaftlicher Mitarbeiter (mtafiti mwajiriwa) kwa ngazi ya mshahara ya E13, wakati wowote wa mwaka, fedha za mradi zikipatikana. Ukiipata, unafanya utafiti wako, unasimamia mazoezi na maabara za wanafunzi, na mara nyingi unabeba kazi za mradi wa kiwanda. Hesabu miaka 4 hadi 5. Soma asilimia ya ajira kwenye tangazo: 100 ni mshahara kamili, 50 ni nusu, na kazi ya maabara haipungui kwa kiasi hicho. Soma pia mkataba ni wa muda gani. Wa mwaka 1 au 2 unaweza kuongezwa, lakini uliza unaongezwa kwa masharti gani.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoteleza: kuajiriwa na taasisi si kupokelewa kuwa mtahiniwa wa uzamivu. Kupokelewa ni uamuzi wa kamati ya uzamivu ya kitivo, nayo hutaka barua ya profesa ya kukubali kukusimamia (Betreuungszusage) pamoja na vyeti vyako. Kabla hujasaini mkataba, mwombe profesa uhakika wa maandishi kwamba uzamili wako unatosha kwa kitivo chake. Mtu anaweza kufanya kazi mwaka mzima ndipo kamati imdai mitihani.

Bi_Turbini:
Naongezea kuhusu kukwama. Kwanza, kuna Universität (chuo kikuu) na kuna Hochschule ya sayansi tumizi (chuo cha mafunzo ya vitendo zaidi). Hizi za pili kwa sehemu kubwa hazitoi uzamivu zenyewe, isipokuwa kwenye baadhi ya majimbo, hivyo kabla ya kuomba uliza shahada itatolewa na chuo gani.

Pili, maombi. Tuma PDF moja, si mafaili kumi: barua ya ukurasa mmoja, wasifu wa kurasa mbili, transkripti zote na muhtasari wa tasnifu. Namba ya tangazo iandike kwenye kichwa cha barua pepe. Kwenye barua usiandike "napenda utafiti". Andika ulichofanya: vipande vingapi vya chuma ulivipima, kwa mashine gani, mizunguko mingapi hadi kuvunjika, matokeo yalitawanyika kiasi gani, na hesabu za mikazo ulizifanya kwa programu ipi. Profesa wa uchovu wa metali akiona umechora mchoro wa mkazo dhidi ya mizunguko kutokana na data yako mwenyewe, ataendelea kusoma. Barua moja iliyotumwa kwa maprofesa 60 hutambulika kwenye mstari wa pili.

Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na watafiti, ni njia nyingine, lakini una masharti yake. La kuangalia mapema: kwa kawaida shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka 6. Ukimaliza uzamili usikae.

Mhandisi wa Juja:
Ndugu, kwa huo uzamili usisahau PAUSTI, taasisi ya Pan African University iliyoko chuo kikuu cha JKUAT hapa Juja, Kenya. Uzamili wao ni miaka 2, una kozi na tasnifu, na Umoja wa Afrika hutoa ufadhili. Unakuja na jambo wanalolitaka kule: modyuli zinazoonekana na utafiti uliotetewa. Ukitoa makala kutoka kwenye tasnifu, bora zaidi.

fundi_mikazo:
Asanteni sana. Na GPA 3.8 niibadilishe vipi kwenda alama za Kijerumani?

Mekanika_TZ:
Kwenye fomu andika 3.8/5.0 kama ilivyo; kubadilisha ni kazi yao. Ila ujue wanavyokokotoa: alama ya juu kabisa toa yako, gawa kwa tofauti ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, jumlisha 1. Kwa shahada ya kwanza ambayo kufaulu kunaanzia 2.0 unapata (5 − 3.8) ÷ 3 × 3 + 1 = 2.2. Kwao 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya mwisho kufaulu.

Kwa uzamili hesabu hubadilika. Ikiwa chuo chako kinahesabu B, yaani 3.0, kuwa ndiyo kufaulu, basi GPA 4.2 inatoa 2.2, si 1.8. Na wakikokotoa kwa asilimia bila kujua mfumo wetu, asilimia 66 inaonekana dhaifu, ilhali kwenye vyuo vyetu vingi A inaanzia 70. Kwa hiyo ukurasa wa maelezo ya madaraja, ambao mara nyingi uko nyuma ya transkripti, uskani pamoja na mbele. Watu huuacha, kisha mkokotoaji anakisia.

Bi_Turbini:
Na viza: ukiwa na mkataba wa ajira unaokutosha kuishi, huhitaji akaunti iliyozuiwa, yaani ile ya kuweka mapema fedha za kujikimu. Anayekwenda kama mwanafunzi tu ndiye anayedaiwa kuweka kiwango maalumu humo, ambacho tangu Septemba 2024 kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka. Ada ya masomo ya uzamivu kwenye vyuo vya umma kwa kawaida hakuna, ila utalipa mchango wa muhula. Miadi ya ubalozi omba siku hiyohiyo unapopata mkataba, na mwambie profesa tarehe ya kuanza kazi iachwe wazi kwa miezi 3.