Kuruhusu programu kwa watumiaji wachache tu kwenye seva ya Ubuntu

Muulizaji:
Wakuu, habari. Seva ni Ubuntu 22.04, watu 40 wanaingia kwa SSH (kuingia kwenye seva kwa mbali). Programu mbili zitumiwe na watu 6 tu: moja imefunguliwa ndani ya /opt/hesabu, nyingine ni ffmpeg (programu ya video) iliyowekwa kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu. Nimepiga `chmod -R 750 /opt/hesabu` (mwenye faili ruhusa zote, kundi lake kusoma na kuendesha, wengine hakuna), sasa hata wale 6 wanakataliwa.

Jibu 1:
Folda bado ni ya kundi la root (msimamizi mkuu), na hao 6 hawamo humo. Isitoshe, hiyo -R (hadi kila kilichomo) imeharibu ndani: kila faili, hata la maandishi matupu, sasa lina ruhusa ya kuendeshwa. Futa, fungua kifurushi upya, kisha:

`groupadd hesabu`
`usermod -aG hesabu asha`
`chgrp hesabu /opt/hesabu`
`chmod 750 /opt/hesabu`

Folda ya juu inatosha. Ikifungwa hiyo, cha ndani hakifikiki. Ukisahau `a` kwenye -aG, mtu anatolewa kwenye makundi yake mengine yote ya ziada, pamoja na sudo (kundi la wenye haki za msimamizi). Wote watoke na kuingia upya, maana makundi husomwa wakati wa kuingia. Mwenye tmux (kikao cha terminal kinachobaki hai hata ukitoka) iliyobaki wazi ataendelea kukataliwa humo. Akipiga `id` ataona makundi aliyonayo humo.

Jibu 2:
Kwa ffmpeg usitegemee chmod, sasisho lijalo la apt litarudisha 755 (kila mtu kuendesha). Tengeneza kundi kwanza, tuseme wahariri, halafu agiza ruhusa zidumu hata baada ya sasisho:

`dpkg-statoverride --update --add root wahariri 0750 /usr/bin/ffmpeg`

Kama kuna tovuti inayoita ffmpeg kupitia www-data (mtumiaji wa seva ya tovuti), mwingize naye kundini na uwashe upya huduma yake, la sivyo video zitagoma.

Jibu 3:
Hapo umefunga faili, hujamfunga mtu. Yeyote anaweza kupakua ffmpeg yake akaiweka nyumbani kwake. Kama tatizo ni leseni, zuia kwenye seva ya leseni. Kama ni CPU kuelemewa, andika kwenye /etc/systemd/system/user-.slice.d/50-kikomo.conf:

`[Slice]`
`CPUQuota=200%`

kisha `systemctl daemon-reload`. Kila mtumiaji atapata nguvu ya core mbili za CPU, basi.

Muulizaji:
Shida ni leseni. Na mgeni wa wiki moja, nje ya kundi?

Jibu 1:
Tuseme mgeni ni Juma, mpe ruhusa yake binafsi: `setfacl -m u:juma:rx /opt/hesabu`, na siku ya kumtoa `setfacl -x u:juma /opt/hesabu`. Katikati hapo usiguse chmod ya folda hiyo: ukiweka 700, Juma naye anafungiwa nje, ingawa getfacl (inayoorodhesha ruhusa hizo) bado itaonyesha jina lake.