AMEBONYEZA TAIRI LANGU KAMA OVAKADO HALAFU AKAFUTA VIDOLE!!!

MtoNiJinja, Jumamosi saa 2:40 usiku

Naandika hapa mikono inatetemeka. Chai imepoa mbele yangu, sijaigusa.

Mnamjua. Simtaji wala sina haja ya kumtaja, kila aliyewahi kukanyaga pedali huku Jinja, kutoka Njeru mpaka Bugembe, anamjua. Huyo huyo wa suruali ya kubana. Leo kwenye mkutano wa safari yetu ya baiskeli kando ya mto Danubi huko Ulaya, mbele za watu kumi na mmoja (nimewahesabu, na kila aliyecheka nimemweka moyoni), ameinama kwenye baiskeli yangu, akabonyeza tairi la mbele kwa vidole viwili kama mtu anayechagua ovakado sokoni. Halafu akatoa kitambaa mfukoni. Akafuta kidole kimoja. Akafuta cha pili. Akakikunja kitambaa mara nne. Ndipo akasema: "Dada, hii ni ya kubebea matoke. Danubi utaitazama kwenye simu."

KITAMBAA JAMANI! Kama ameshika panya aliyeoza!

Watu wakacheka mpaka mabati ya kibanda cha chapati yakatikisika. Yule wa chapati naye akacheka, na hata hajui Danubi ni nini.

Nani aliyeileta hiyo Danubi kwenye kikundi? Mimi! Miaka miwili nalala na ramani, yeye akidhani Danubi ni sabuni. Mimi ndiye niliyewaambia mto unaanzia Donaueschingen, kwenye Msitu Mweusi huko Ujerumani, na njia ya baiskeli inaufuata Ulm, Regensburg, Passau, Linz, Vienna mpaka Budapest, zaidi ya kilomita 1,200. Ukienda 60 kwa siku ni siku ishirini na kitu, ongeza za kupumzisha magoti, mwezi umekwisha. Mimi ndiye niliyesoma kwamba viza unaiomba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, nikakaa kuhesabu usiku mmoja mmoja, Ujerumani ngapi, Austria ngapi, kwenye daftari la hesabu la mwanangu. Yeye alifanya nini? Alinunua miwani.

Na mnajua kwa nini naitaka safari hii. Mimi ni mtoto wa mto. Nile ilimeza maporomoko ya Ripon mwaka 1954 bwawa la Owen lilipokamilika, na bibi alikuwa anatuonyesha kwa kidole mahali yalipokuwa. Sasa kule karibu na Immendingen, kiangazi kikikolea, ni Danubi yenyewe inayomezwa! Maji yanazama kwenye mawe, inabaki changarawe kavu, unavuka kwa viatu. Yanakuja kutokea kilomita kama 12 mbele, kwenye chemchemi ya Aach, yanakimbilia mto Rhine. Nataka kusimama pale na baiskeli ya baba. Hiyo hiyo ya chuma. Baba alibebea watu kwenye keria yake mpakani Busia kabla boda hazijajaa injini, na keria hiyo ndiyo iliyonipeleka mimi shule.

Halafu mtu anaibonyeza. Anafuta vidole. KIMOJA KIMOJA.

Busia_Mpakani

Pole sana dada. Hiyo si dharau kwako peke yako, katudharau sisi wote wa mpakani. Hilo neno boda lenyewe lilizaliwa huku kwetu, kwenye keria za baiskeli kama hiyo, watu wakivushwa kutoka mpaka hadi mpaka. Anayefuta mkono baada ya kuigusa baiskeli hiyo ni kama amefuta mkono baada ya kumsalimia baba yangu.

FundiSpoki

Swali la kifundi tu. Tairi lilikuwa na upepo?

MtoNiJinja

LILIKUWA NA UPEPO! Nilijaza asubuhi kwa pampu ya jirani! Na hata lingekuwa pancha, kitambaa cha nini?

FundiSpoki

Nauliza kwa sababu tairi lililojaa halibonyei kama ovakado. Linabonyea kama nazi.

MamaKasese

Hahaha fundi umemmaliza 😂

AruaMoja

Dada, mimi nakupenda lakini kwenye hili bwana wa suruali ya kubana amesema kweli kwa mdomo mbaya. Baiskeli hiyo ni kama kilo 20 za chuma. Mzigo wa ndege mara nyingi ni kilo 23. Utavaa nini, keria? Kodi baiskeli hukohuko. Passau mpaka Vienna ni kama kilomita 320, karibu yote tambarare, wanaokodisha wamejaa. Na treni zao unapanda na baiskeli, unaikatia tiketi yake kama abiria.

MtoNiJinja

Tambarare! Umelisema mwenyewe! Mimi natoka Jinja mpaka Kampala kilomita 80 kwa gia moja, msitu wa Mabira wote, Fuso zikinipulizia moshi usoni, nishindwe na njia tambarare? Na angeniambia kama unavyoniambia wewe, kwa mdomo, ningemsikiliza. Hakusema kilo 20. Alitoa kitambaa.

NubiWaBombo

Afadhali kitambaa. Wangu mimi alikusanya nauli za watu wanne Septemba 2025, twende Kigali kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli, ya kwanza kufanyika Afrika. Tumekaa stendi na mabegi tangu saa kumi na moja alfajiri. Saa nne anatuma picha yuko Kigali peke yake, anakula mishikaki, nyuma yake wanapita wazungu kwa kasi. Ile mishikaki ni nauli yangu. Mpaka leo nikinusa mishikaki kichwa kinaniuma.

MamaKasese

Ni huyo huyo wa kitambaa?

NubiWaBombo

Hapana, wangu ni mwingine. Lakini ukoo mmoja hao, kama si wa damu ni wa tabia.

KampalaMvua

Nyie mnagombania tairi na viza hamjaomba? Euro 90, na ukinyimwa hazirudi. Bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Taarifa za benki. Mimi nilipeleka mpaka cheti cha ubatizo ambacho hakuna aliyekiomba. Nikanyimwa kwa karatasi moja yenye alama ya tiki kwenye kisanduku. Wanasema hawana hakika kama nitarudi. Nina mbuzi sita na mama mzee, nisirudi niende wapi?

Busia_Mpakani

Mbuzi uliwaandika kwenye fomu?

KampalaMvua

Niliwaandika. Na picha nikaambatisha.

DerevaWaFuso

Nimesoma hapo juu Fuso zinapuliza moshi usoni. Na nyinyi? Saa moja usiku katikati ya Mabira, baiskeli haina taa, haina hata kioo cha nyuma cha kurudisha mwanga, imebeba mkaa upana wa nyumba. Namuona mtu nikiwa nimeshamfikia. Moyo wangu umesimama mara ngapi kwa ajili yenu? Hakuna anayefungua uzi wa kunionea huruma mimi.

MtoNiJinja

Mimi nina taa. Na sibebi mkaa. Turudini kwenye kitambaa, tafadhali.

AruaMoja

Taa ni kweli, dereva ana haki. Na huko Ujerumani wanapita kulia, dada, siyo kushoto kama sisi. Siku ya kwanza usitoke hotelini kabla ya kujikumbusha.

DerevaWaFuso

Kulia! Na hapa kushoto kwenyewe kunawashinda.

MamaKasese

Mimi wa hapa kwetu ndiye aliyenichosha, mwenyekiti wa matembezi yetu ya Jumapili. Kila wiki "njia fupi". Njia fupi yake ilitupitisha kwenye kinamasi, tukabeba baiskeli vichwani, mtoto wa dada yangu akapoteza kiatu, na mwenyekiti akasema kiatu kimoja kinatosha kukanyagia pedali.

NubiWaBombo

🤣🤣 kiatu kimoja!

MtoNiJinja

Jamani. Alikikunja mara nne. Nimekaa hapa nakiona tu kikikunjwa.

FundiSpoki

Hebu ngoja. Umesema ulijaza upepo kwa pampu ya jirani. Unakaa nyuma ya kile kituo cha mafuta, sivyo? Hiyo pampu ina mpini mwekundu na mpira wake umefungwa kwa waya?

MtoNiJinja

Ndiyo. Kwa nini?

FundiSpoki

Hiyo pampu ni YANGU. Niliiazimisha mwezi wa tatu, naambiwa imeibiwa.

Busia_Mpakani

Haaa! Uzi umepata mwizi.

MamaKasese

Pampu haziazimishwi. Pampu na sufuria. Mimi pia yangu ilikwenda hivyohivyo, na aliyeichukua yumo humu anasoma, kimya kama maji ya mtungini.

KampalaMvua

Mama Kasese, kama ni ile ya bluu, nilisema nitairudisha Krismasi.

MamaKasese

KRISMASI IPI?