Friza inagandisha, sehemu ya chini haipoi: je, ni kweli gesi imepungua?

Mkaazi wa Jinja, Uganda, aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Nina friji ya milango miwili, friza ikiwa juu, ya aina ile inayojiyeyushia barafu yenyewe. Friza inagandisha nyama na samaki bila shida, lakini sehemu ya chini imepoteza baridi kidogo kidogo, hadi maziwa niliyoyachemsha na kuyapoza kabla ya kuyaweka humo huchacha kesho yake. Kompresa inanguruma karibu mchana kutwa, na nyuma ya droo za mboga kuna maji yanayotuama.

Fundi aliyeletwa na jirani alishika bomba la nyuma kwa mkono, akasema gesi imepungua na kwamba ataiongeza. Hakupima chochote wala hakufungua chochote. Sina ujuzi wa kumpinga, ila sitaki kulipia kazi ambayo haitaponya tatizo. Kinachonihangaisha zaidi ni insulini ya mama mkwe, ambayo tunaihifadhi humo; je, niihamishie kwenye friza mpaka friji itengenezwe?

Fundi wa majokofu, Katwe, alijibu:

Ndugu yangu wa Jinja, nianze na dawa, kwa sababu hiyo haiwezi kusubiri. Usiiweke insulini kwenye friza hata kwa usiku mmoja. Insulini iliyoganda imeharibika na haifai kutumiwa hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Chupa zisizofunguliwa zinahitaji nyuzi joto kati ya 2 na 8, kwa hiyo zihifadhi kwa jirani mwenye friji nzima au ukaombe msaada kwenye kituo chenu cha afya. Ile inayotumika sasa kwa kawaida huvumilia joto la chumba kwa wiki kadhaa, mradi isikae juani wala karibu na jiko. Muda kamili soma kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi lake.

Sasa tuje kwenye friji. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa, na friji inaweza kufanya kazi miaka 15 kwa gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, maana yake kuna tundu mahali, na fundi anayeongeza gesi bila kulitafuta na kuliziba anakuuzia baridi ya muda mfupi. Zaidi ya hayo, friji ya aina yako kwa kawaida ina koili moja tu ya baridi, yaani bomba lililokunjwakunjwa linalopoza hewa, iliyofichwa nyuma ya ukuta wa plastiki ndani ya friza. Feni huvuta hewa kupitia koili hiyo, sehemu kubwa hubaki juu, na nyingine hushushwa chini kwa njia nyembamba ya hewa. Gesi ikipungua, friza nayo hudhoofika. Friza ikigandisha vizuri huku chini kukiwa na joto, shaka yangu ya kwanza ni kwamba baridi ipo lakini hewa haipiti.

Hewa mara nyingi huzuiwa na mambo mawili: feni iliyosimama, au barafu iliyoijaza koili. Ili kuisikia feni, fungua mlango wa friza na ubonyeze kwa kidole ile swichi ndogo ambayo mlango huigusa unapofungwa, kwa sababu friji nyingi huzima feni mlango unapokuwa wazi. Ukiisikia ikivuma, angalia ukuta wa nyuma wa friza: kama una barafu au umevimba, mfumo wa kuyeyusha barafu umekufa. Mfumo huo kila baada ya saa kadhaa huzima kompresa na kuwasha hita iliyo chini ya koili kwa dakika 20 hadi 30, kisha maji hutiririka nje na kukauka kwenye kisahani kilicho juu ya kompresa.

Kipimo kisicho na gharama ni hiki: toa vyakula vyote, chomoa plagi, acha milango yote miwili wazi kwa saa 24, utandike matambara sakafuni. Usichokonoe barafu kwa kisu wala bisibisi, kwa kuwa koili ni ya aluminiamu laini, na ukiitoboa hapo ndipo gesi itatoka kweli. Ukiwasha tena na sehemu ya chini ikapoa vizuri kwa siku kadhaa kisha ikarudi kuwa na joto, gesi haina hatia yoyote.

Mama mwenye mgahawa, Arua, alijibu:

Naunga mkono aliyosema fundi, nami niongeze mambo ambayo huku kwetu kwenye joto kali tunayaona kila mara. Hayo maji nyuma ya droo yana sababu yake. Kuna tundu dogo la kutolea maji ambalo huziba kwa barafu au kwa makombo ya chakula. Limwagie maji ya uvuguvugu na ulizibue kwa mrija laini wa plastiki.

Kisha kagua mpira wa mlango. Bana noti au karatasi kati ya mpira na friji, funga mlango, halafu vuta. Ikitoka bila kukwama, hewa ya nje yenye unyevu inaingia hapo, na unyevu huo ndio unaogeuka barafu ndani. Uoshe kwa maji ya sabuni, hasa kwenye mikunjo, kwa maana mara nyingi haujachakaa bali umenata mafuta na uchafu. Vyungu vya mchuzi wa moto visivyofunikwa navyo hujaza unyevu humo. Friji ikae mbali na sigiri, iache nafasi ya kiganja kimoja nyuma yake, na kama mabomba yanayotoa joto yako nje, yafutwe vumbi kwa brashi.

Ndugu, usiichomeke friji moja kwa moja ukutani. Umeme wetu unapaswa kuwa wa volti 240, lakini ukikatika na kurudi hupanda na kushuka, na kompresa inayolazimishwa kuwaka kabla shinikizo la gesi halijatulia ndani ya mabomba huunguruma bila kuzunguka hadi iungue. Kilinda friji kinachosubiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kuruhusu umeme ni bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa mpya. Na umeme ukikatika, usifungue mlango ovyo: sehemu ya chini iliyofungwa hutunza baridi kwa takriban saa 4, na friza iliyojaa hufika siku mbili.

Mkaazi wa Jinja alirejea:

Ahsanteni sana, fundi na mama. Insulini iko salama kwa jirani. Feni naisikia, na ukuta wa nyuma wa friza ulikuwa umejaa barafu. Nilifuata kipimo cha kuiacha wazi mchana na usiku. Baada ya kuiwasha, chini kulipoa hata nikashangaa, lakini sasa joto limeanza kurudi na barafu inaonekana tena. Nimwambie nini fundi nitakayemwita, na nitajuaje kwamba anapima ipasavyo?

Fundi wa majokofu, Katwe, alijibu:

Basi jibu umelipata: hakuna haja ya gesi. Mwambie hivi: “Friji haiyeyushi barafu, naomba upime hita, themostati ya kuyeyushia, fyuzi ya joto na taima.” Themostati na fyuzi hukata umeme wa hita joto likizidi, na taima hupanga saa za kuyeyusha. Fundi wa kweli atafurahi kusikia maneno hayo. Plagi ikiwa imechomolewa, ataondoa ukuta wa friza na kuipima hita kwa multimita, yaani mita ya kupimia umeme. Hita nzima ya volti 240 mara nyingi husoma ohm mia kadhaa. Mita isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika.

Mwangalie hasa anapofika kwenye ile themostati ndogo iliyobanwa kwenye bomba la koili. Hiyo hupitisha umeme ikiwa baridi sana tu, na hujikata joto linapopanda. Akiipima baada ya barafu kuyeyuka, mita itaonyesha imekatika ingawa ni nzima, na utanunua kifaa usichokihitaji. Aipime ikiwa bado imeganda, au aizike kwanza ndani ya vipande vya barafu vilivyotoka kwenye friza. Vyote hivyo vikiwa salama, inabaki taima, au kadi ya umeme ikiwa friji yako ni ya kisasa zaidi.

Hata kama siku moja tundu litaonekana kweli, soma kibandiko kilicho nyuma kabla hujamruhusu mtu kuwasha moto. Ukiona R600a, hiyo ni gesi inayowaka. Mabomba yake hayachomelewi yakiwa na gesi ndani, madirisha yafunguliwe, na gesi mpya ipimwe kwa mizani, kwa kuwa friji nzima hubeba makumi ya gramu tu. Ukiona R134a, haiwaki, lakini isiachiliwe hewani, kwani ni miongoni mwa gesi zinazopasha dunia joto ambazo nchi zilikubaliana mwaka 2016 kule Kigali kuzipunguza.

Unapokwenda kununua kifaa, beba kile cha zamani pamoja na picha ya kibandiko cha friji. Hita zinafanana kwa macho lakini hutofautiana kwa urefu na nguvu, na themostati huandikwa nyuzi zake juu ya kifuniko. Linganisha maandishi hayo kabla hujatoa pesa.