Thorong La: usiku mmoja Manang unatosha kweli?

Swali
Wakuu habari zenu. Mwezi wa 10 naenda Nepal kutembea mzunguko wa Annapurna, kinachoninyima usingizi ni siku ya kuvuka Thorong La, ile njia ya juu kati ya milima, mita 5,416. Ratiba niliyopewa ni usiku mmoja kijiji cha Manang, kesho yake Thorong Phedi, kambi ya chini ya hiyo njia, keshokutwa navuka. Mazoezi ya kukimbia nafanya kila wiki, inatosha? Na mbona kila mtu anasema lazima utoke alfajiri?

Jibu
Hiyo ratiba ikatae ndugu yangu. Manang ni kama mita 3,500 na Phedi inakaribia 4,500, ukishapita 3,000 unashauriwa usiongeze zaidi ya 500 kati ya usiku na usiku, sasa wewe unaruka mara mbili yake. Mbio hazisaidii hapo, mwili unataka muda wa kuzoea hewa nyembamba. Lala Manang angalau siku mbili, katikati panda kidogo uangalie barafu ya Gangapurna urudi kulala chini, halafu lala tena Yak Kharka, njiani kabla ya Phedi. Mimi mara ya kwanza nilijikaza nikafika Phedi kichwa kinagonga, nimekaa kitandani nashindwa kufunga kamba za buti, vidole naviona ila haviendi ninapotaka. Mwongozaji akaniambia nitembee mstari mnyoofu kisigino kikigusa kidole, nikayumba hatua ya tatu, dalili kwamba ugonjwa wa mwinuko umeshaingia. Tukashuka usiku uleule kwa tochi, mita 400 tu chini kichwa kikaachia.

Jibu
Alfajiri ni kwa sababu ya upepo, asubuhi ikishakua kule juu unavuma vibaya, ndo maana watu wanatoka saa kumi usiku. Na ukishavuka bado kuna mteremko wa kama mita 1,600 hadi Muktinath, magoti yatalia, beba fimbo mbili. Hali ya hewa uliza kila jioni, Oktoba 2014 theluji iliyoletwa na mabaki ya kimbunga Hudhud iliua watu zaidi ya 40 milima ile, na huo ndo mwezi watu wanauamini.

Muuliza swali
Asanteni sana, nimeshawaandikia waongeze siku mbili. Na Diamox je, ile dawa ya ugonjwa wa mwinuko?

Jibu
Muone daktari kabla, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Inasaidia mwili kuzoea ila kichwa kikiuma hupandi, dawa au bila dawa. Utakojoa sana na vidole vitakuwa na ganzi, usishtuke.