Hedifoni zipi zinafaa kumiksi muziki kwenye studio ya chumbani?

SautiYaTabata

Habari za jioni, wakuu. Ninaomba ushauri kuhusu hedifoni za kumiksia. Ninarekodi na kumiksi (yaani kuziweka sawa sauti za ala na za mwimbaji ziwe wimbo mmoja) nyumbani, Tabata, kwenye chumba cha kupanga chenye urefu wa mita tatu na upana unaokaribia huohuo, na ukuta mmoja tunachangia na jirani mwenye mtoto mchanga. Kwa hiyo spika ninaweza kuzifungua mchana tu, tena kwa sauti ya wastani, ilhali sehemu kubwa ya kazi ninaifanya usiku nikishatoka kibaruani. Muziki wangu ni Bongo Fleva kwa kawaida, na singeli kila ninapompata mwimbaji.

Nina kompyuta mpakato na kadi ya sauti ndogo inayopata umeme kupitia waya wa USB. Bajeti yangu ni shilingi laki nne, na ikiwezekana ningependa hedifoni hizohizo azivae pia mwimbaji wakati wa kurekodi. Madukani ninapewa majibu yanayopingana: mmoja anasema hedifoni za kumiksia lazima ziwe wazi kwa nyuma, mwingine anasema lazima ziwe zimefungwa, na wa tatu ananionyesha za bluetooth zenye besi nzito. Kisha kuna habari ya omu, kwani modeli moja inauzwa kwa omu 32, 80 na 250 na sijaona anayenieleza tofauti yake. Ninaomba mnieleweshe sababu na si jina la modeli peke yake, maana fedha hii ikishatoka sitapata nyingine kabla ya mwaka kuisha.

FundiMitambo

Ndugu SautiYaTabata, tuanze na chumba chako, kwa sababu ndicho kinachofanya hedifoni ziwe za lazima kwako hata kama jirani asingekuwepo. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde, na kati ya kuta mbili zilizoachana mita tatu, wimbi linalojikita na kujirudia ni lile ambalo nusu ya urefu wake ni mita tatu, yaani karibu hezi 57 (mitetemo 57 kwa sekunde). Hapo ndipo kiki, yaani ngoma nzito ya biti, na besi zinapoishi. Chumba chako kikiwa karibu mraba, jozi mbili za kuta zinarundika nguvu mahali palepale, ndiyo maana ukisimama kwenye kona besi inavuma na ukikaa katikati ya chumba inapotea, ingawa wimbo ni uleule.

Kwa singeli tatizo hilo ni kubwa zaidi. Wimbo unaokwenda mapigo 200 kwa dakika unatoa pigo moja kila baada ya milisekunde 300, na singeli nyingi zinapita hapo. Chumba kisicho na vifaa vya kunyonya besi kinaweza kuendelea kuvuma kwa muda mrefu kuliko huo, kwa hiyo mkia wa kiki ya kwanza unakutana na kiki ya pili, nawe ukidhani kiki yako ni ndefu mno unaikata, kumbe ulichokuwa unakisikia ni kuta. Hedifoni zinakiondoa chumba kabisa. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na kwa mtu anayefanya singeli kwenye chumba cha mita tatu ningeiweka mbele ya nyingine zote.

Za bluetooth ziache. Sauti inabanwa na kupoteza taarifa kabla ya kufika sikioni, inachelewa kiasi cha kumvuruga mwimbaji, na nyingi zimeongezewa besi kiwandani ili zipendeze. Ukimiksi ukiwa umevaa kifaa kinachokuongezea besi, utaipunguza wewe mwenyewe, na wimbo ukitoka nje utasikika mkavu.

Kuhusu wazi na zilizofungwa: hedifoni zilizo wazi kwa nyuma zinaruhusu hewa na sauti kupita, hivyo hakuna mwangwi unaonaswa ndani ya kikombe, na ala zinasikika zimeachana vizuri zaidi. Lakini zinavuja pande zote mbili. Mwimbaji akizivaa mbele ya maiki, biti itaingia kwenye rekodi ya sauti yake, na hutaitoa humo kwa programu yoyote bila kuiumiza sauti yenyewe. Vilevile feni yako, jenereta la duka la jirani na honi za bodaboda vitaingia moja kwa moja, na sauti hizo zinafunika mambo ya chinichini unayopaswa kuyasikia, kama vile mkia wa mwangwi na pumzi ya mwimbaji. Kwa kuwa unataka jozi moja ifanye kazi zote mbili, ushauri wangu ni zilizofungwa.

Sony MDR-7506 zipo sokoni tangu mwaka 1991 na studio nyingi duniani bado zinazitumia. Sauti zake za juu zimeinuka kidogo, jambo linalochosha masikio kwa kazi ndefu, ila herufi ya “s” inayochoma na mibofyo ya uhariri mbaya utavisikia mara moja. Audio-Technica ATH-M50x zina besi iliyoongezwa kiasi, nzuri kwa kutengenezea biti, na kwa kumiksi inabidi uizoee. Beyerdynamic DT 770 Pro zimeinua besi na sauti za juu kuliko za kati, na ndizo ambazo umeziona zikiuzwa kwa omu tofauti. Sennheiser HD 600 za mwaka 1997 ningekupendekezea bila kusita kwa ajili ya sauti ya mwimbaji, lakini ziko wazi, zina omu 300, na bajeti yako haifiki huko.

Sasa omu. Hicho ni kipimo cha ukinzani wa umeme ndani ya kifaa. Kupata nguvu ileile, hedifoni za omu 250 zinadai volti karibu mara tatu ya zile za omu 32, na kadi ndogo inayopata umeme kwa USB mara nyingi haina volti za kutosha. Utafungua sauti hadi mwisho na bado kiki itakosa msukumo. Kwa kadi yako chukua omu 80 au chini ya hapo. Usiamini kwamba omu nyingi maana yake ni ubora.

MamaStudio

Ninakubaliana na kaka FundiMitambo kwa sehemu kubwa, ila hajagusa joto, na Dar es Salaam joto si jambo la pembeni. Hedifoni zilizofungwa zenye mito ya ngozi bandia, kama hizo MDR-7506, zinashika jasho, na ngozi ile baada ya muda inaanza kubanduka vipande vidogo vyeusi vinavyobaki shavuni kwa mteja. Mito hubadilishwa, na inapatikana, lakini fahamu mapema kwamba mito mipya ya aina tofauti inabadilisha sauti, hasa besi, kwa sababu besi inategemea jinsi mto unavyoziba kuzunguka sikio. Mito ikichakaa, besi inapungua polepole nawe usijue. DT 770 Pro za omu 80 na 250 zinakuja na mito ya kitambaa laini inayopitisha hewa, na kwa kazi ya usiku ambapo feni imezimwa kwa ajili ya maiki, masikio yako yatakushukuru.

Jambo la pili ni bidhaa za bandia. Modeli zinazopendwa ndizo zinazoigwa, na ATH-M50x ni miongoni mwa zinazoigwa sana. Ukienda Kariakoo, omba mizani. Halisi za ATH-M50x bila waya zina uzito wa takriban gramu 285, na MDR-7506 takriban gramu 230. Bandia nyingi ni nyepesi kwa sababu sumaku ni ndogo na fremu ni plastiki tupu. Angalia pia alama za kushoto na kulia zilivyochapwa, bawaba zinavyokunjika, na namba ya utambulisho kama inalingana na ya kwenye boksi. Muuzaji anayekataa usifungue boksi mbele yake, mshukuru, uende duka lingine.

Ninatofautiana naye kwenye neno “jozi moja”. Mwimbaji hahitaji hedifoni nzuri ili kuimba, anahitaji zisizovuja. Za bei ndogo zilizofungwa zinamtosha, na sehemu kubwa ya fedha yako ingeweza kwenda kwenye hedifoni za kumiksia tu. AKG K240 Studio ziko nusu wazi, zina omu 55, na kwa kawaida bei yake iko chini ya nilizokwisha kuzitaja. Kwa mtu anayefanya kazi usiku, mtaa ukiwa umelala, kuvuja hakumsumbui yeyote.

SautiYaTabata

Ahsanteni sana, kaka na dada. Ninalo swali moja limebaki: nimesoma kwamba wimbo uliomiksiwa kwa hedifoni peke yake hauhamii vizuri kwenye spika za nje. Wasikilizaji wangu wengi wanatumia simu na spika za bajaji. Je, kuna programu ya kurekebisha jambo hilo?

Kigogo_Biti

Programu zipo, kwa mfano SoundID Reference ya Sonarworks, ambayo inasawazisha mabonde na milima ya modeli yako ya hedifoni, yaani sauti inazozipunguza na inazozikuza. Inasaidia kweli, hasa kwa hedifoni zenye sauti za juu kali kama DT 770. Lakini kumbuka kuizima kabla ya kutoa faili la mwisho, la sivyo marekebisho ya hedifoni yako yatachapwa ndani ya wimbo.

Lipo ambalo usawazishaji wa aina hiyo hauligusi. Kwenye spika, sikio la kushoto linasikia pia spika ya kulia, kwa kuchelewa kidogo. Kwenye hedifoni kila sikio linasikia upande wake tu. Ndiyo maana ala uliyoitupa kushoto kabisa inaonekana imekaa ndani ya kichwa, na mwangwi wa sauti ya mwimbaji unasikika mwingi kuliko ulivyo, ukaishia kuuweka mdogo mno. Bonyeza kitufe cha mono, kinachounganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja, mara kwa mara. Gitaa likipotea ukiwa kwenye mono, tatizo liko kwenye wimbo, wala si kwenye masikio yako.

Kuhusu simu: spika ya simu haitoi kitu cha maana kwenye hezi 50. Besi yako ya chini kabisa haitasikika humo hata ukiipandisha namna gani, na ukiipandisha utaharibu kwenye bajaji. Iongezee besi ukwaruzo kidogo kwa plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kusaturisha, ili ipate sauti ndugu kwenye hezi 100, 150 na 200. Ubongo ukizisikia hizo unaijaza ile ya chini wenyewe.

Kisha chagua nyimbo mbili au tatu ambazo umeshazisikia kila mahali, kwenye daladala, harusini na dukani, uziingize ndani ya programu yako ya kurekodia. Zipunguze sauti hadi zilingane na miksi yako ambayo bado haijafanyiwa masta (hatua ya mwisho ya kuukuza wimbo), kwa sababu wimbo wenye sauti kubwa unaonekana bora siku zote hata pasipo sababu. Linganisha kiki kwa kiki na sauti ya mwimbaji kwa sauti ya mwimbaji. Hedifoni yoyote kati ya hizo zilizotajwa itakufikisha ukiijua hivyo, na hata HD 600 hazitakufaa usipofanya.

Sauti iwe ya chini. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ukifika 90 muda salama unashuka hadi saa nne tu kwa wiki nzima.

FundiMitambo

Hoja ya dada MamaStudio kuhusu jozi mbili ni nzito, na kama mwimbaji wako ana hedifoni zake zilizofungwa, ifuate. Kama hana, nitabaki na DT 770 Pro za omu 80, kwa sababu ya mito yake na kadi yako. Siku ya kwenda dukani beba kompyuta mpakato na kadi yenyewe, usijaribu kwa simu ya muuzaji. Tayarisha sauti inayopanda polepole kutoka hezi 20 hadi 200, uisikilize upande mmoja mmoja. Ukisikia mkwaruzo au upande mmoja ukawa mdogo, rudisha hiyo jozi hapohapo na uombe nyingine kabla hujalipa.